Siku Kunguru Alipotembea

Kama hujawahi kukaa nyuma ya dramu kwenye ukumbi mdogo, nikwambie: ugomvi ukizuka, hakuna mahali pabaya kuliko pale. Mwimbaji ana miguu yake. Mpiga gitaa anachomoa waya na kupitia dirishani. Mpiga dramu amebanwa kwenye kona, ukuta mgongoni, matoazi usoni, ngoma katikati ya magoti, na kila chupa inayokosa shabaha inamjia yeye. Kimya alikuwa na kovu juu ya nyusi, jingine begani, na jino la bandia upande wa kulia, na katika hayo yote hakuna alichokipata kwa kugombana. Alikuwa kazini tu.

Jina la Kimya alipewa na wanamuziki wenzake kwa utani, maana mtu huyu aliyeishi kwa kupiga makelele alikuwa akishuka jukwaani hana neno. Mchana alikuwa fundi wa makochi. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati, sponji zimerundikwa hadi darini, cherehani ya kushonea ngozi karibu na mlango ili ipate mwanga, na kwenye pembe, chini ya shuka safi kuliko la kitandani kwake, dramu.

Hizo dramu wapiga dramu wengi hawakuzijua hata kwa jina. Kiwanda kilichozitengeneza zamani kilikufa Kimya akiwa bado anatambaa. Miaka mingi baadaye wajukuu wa mwenye kiwanda wakapata wazimu wa kuzitengeneza tena, chache, kwa ramani ileile ya babu yao: mbao nyembamba ileile, rangi ileile ya majivu, na kile kibati cha mbele chenye picha ya kunguru aliyekunja mabawa. Waliiga kila kitu mpaka na ugonjwa wake, na huo ugonjwa nitausema sasa hivi. Seti moja iliozea kwenye duka la vyombo vya muziki kwa sababu wateja walikuwa wakiuliza jina, wakisikia "Kunguru", wanacheka na kwenda kwenye majina makubwa. Mwenye duka alipofunga biashara, Kimya alimshonea makochi ya nyumba nzima na akalipwa kunguru.

"Huyu ndege wako ana ndugu kweli?" mpiga gitaa la solo wa bendi yao alimtania siku ya kwanza. "Maana sijawahi kuona mwingine."

Kimya alikuwa amewahi kumwona mwingine. Alikua naye nyumba moja.

Baba yao, yeye na kaka yake, alikuwa mpiga dramu, na alikuwa na Kunguru wa kwanza, yule halisi. Jukwaani mikono ya mzee ilikuwa laini, watu wazima walitokwa machozi bila kuimbiwa neno. Nyumbani ilikuwa mikono mingine. Na sasa ule ugonjwa: ngoma kubwa ya Kunguru, ile inayopigwa kwa mguu, imewekewa miguu miwili myembamba ya kukunja, na ukiipiga kwa nguvu inateleza kwenda mbele, kidogo kidogo, mpaka inamkimbia mpigaji. Wenye majina makubwa hawana shida hiyo. Mzee alikuwa akiifunga kwa kamba ya katani kwenye stuli aliyokalia, ili uzito wake uizuie. Onyesho likiisha alikuwa akiifungua kamba, anaizungusha mkononi, anarudi nayo nyumbani. Huko ilikuwa na kazi nyingine.

Alimpiga mama, akampiga mtoto mkubwa, na angempiga na mdogo kama yule mkubwa asingekuwa anajitupa katikati kila mara. Kimya alipigwa mara chache sana utotoni, na sababu ilikuwa mgongo wa kaka yake. Hilo hakulisahau hata siku moja.

Lakini kilichokuwa kibaya kuliko kamba kilikuja asubuhi. Mzee alikuwa akiamka mpole, ananywa chai, anamtazama mtoto mwenye jicho lililovimba, halafu anauliza kwa sauti ya huruma kabisa: "Nani amekupiga?" Aliuliza kama baba yeyote anavyoweza kuuliza, tayari kwenda kumshika mbaya wake. Mama alikuwa amewafundisha jibu. "Semeni hakuna," aliwaambia wakiwa jikoni. "Semeni mmejigonga." Basi wakasema wamejigonga, mzee akatikisa kichwa, akawaasa wacheze kwa uangalifu. Mpaka leo Kimya hajui kama mzee alikuwa anasahau kweli au alikuwa anajisahaulisha.

Siku mzee alipomvunja mama mkono wa kushoto, yule mtoto mkubwa alikuwa ndiyo kwanza anaota ndevu. Hakumgusa baba yake. Alichukua shoka, akatoa dramu nje moja moja, akazipasua uani mbele ya mzee na majirani, bila haraka, kama mtu anayechanja kuni za wiki. Mzee aliangalia mpaka mwisho, akavaa koti, akatoka, na hawakumwona tena mpaka waliposikia amekufa mji mwingine. Tangu hapo kijana akaitwa Shoka. Mkono wa mama uliunga vibaya, ukabaki umepinda kwenye kiwiko, na hakuweza tena kuunyoosha.

Sasa utauliza, kwa nini mtu aliyetoka kwenye nyumba hiyo aende kujitafutia Kunguru mwingine? Mimi pia ningeuliza. Jibu la Kimya, siku alipolitoa, lilikuwa fupi: ile sauti ilikuwa kitu kizuri pekee walichokuwa nacho, na hakuona sababu ya kumwachia mzee hata hicho.

Shoka alipoziona dramu karakanani alizizunguka mara kadhaa. Aligusa kile kibati kwa kidole.

"Umemrudisha nyumbani," alisema.

"Ni dramu tu, kaka."

Wiki iliyofuata Shoka alitokea na gitaa la besi la kuazima na kusema anataka kujifunza. Alikuwa mchomeleaji wa mageti, vidole vimeungua na kukakamaa, lakini besi ilimkubali. Alipoulizwa kwa nini, alisema: "Kumbi zenu zina wahuni. Nani atamlinda mdogo wangu huko?"

Hapo ndipo kichekesho kilipo, kama unacheka kwa mambo ya namna hii. Shoka aliingia kwenye bendi amlinde Kimya, na Kimya akaishia kuwalinda watu wote dhidi ya Shoka.

Maana Shoka hasira zake zilikuwa karibu. Hakunywa, hakutukana, lakini akimwona mwanamume anamsukuma mwanamke, au mtu mzima anamnyooshea mtoto mkono, alikuwa anaondoka ndani ya kichwa chake na anayebaki ni mikono. Kwenye ukumbi wa nyuma ya gereji alimpigiza mtu kwenye kaunta mpaka taya likaachana. Alifungwa kwa hilo. Hakimu alikuwa amemwambia kwamba akirudi tena mbele yake, atakuja kutoka ameota mvi.

Kimya akatafuta dawa, na dawa akaipata kwenye kazi yenyewe. Mpiga besi na mpiga dramu ni watu wawili waliofungwa nira moja. Ngoma ya mguu ikilia, kidole cha besi lazima kianguke hapohapo, hata kama mwenye kidole ana mawazo mengine. Kimya alijifunza kumsoma kaka yake kwenye kisigino. Shoka alikuwa akipiga besi huku kisigino cha kulia kikigonga sakafu. Kisigino kikisimama, ujue ameona kitu. Hapo Kimya alikuwa haangalii huko kilipo hicho kitu. Alikuwa anakandamiza ngoma ya mguu, anaongeza nguvu, anambana kaka yake kwa mapigo mpaka vidole vinarudi kwenye nyuzi na kisigino kinaanza tena. Mikono ikiwa kwenye nyuzi haiwezi kuwa kwenye koo la mtu. Chupa ziliruka, meza zilipinduka, watu walichanana uso mbele ya jukwaa, mara moja kisu kilipasua ngozi ya ngoma ya pembeni, na Kimya hakuacha kupiga. Wenzake walidhani ni ujasiri. Alikuwa anaogopa kupita wote.

Kwa kazi hiyo ngoma kubwa haikutakiwa kutembea hata kidogo. Naye aliifunga, kama mzee, kwenye stuli. Hakutumia katani, alitumia ule mkanda mpana unaosukwa chini ya viti vya makochi. Shoka hakuwahi kusema neno juu ya mkanda huo. Ila kila onyesho alibaki nje, ameegemea ukuta na sigara, mpaka Kimya amalize kufunga. Ndipo alipoingia.

Miaka ikaenda hivyo. Halafu mama akasema anataka kuja.

Hakuwa amekanyaga ukumbi wa muziki tangu ujana wake. "Nataka niwasikie wanangu kabla masikio hayajaziba," aliwaambia. "Mchana lakini. Usiku siji." Bahati ilikuwa kwamba Jumapili ile walikuwa na onyesho la mchana, kwenye ukumbi mmoja mpya wenye viti vya plastiki na sakafu ya vigae vinavyong'aa, mali ya mama mmoja muuza vifaa vya ujenzi.

Kimya alikosa usingizi kwa sababu ya mkanda. Alimfikiria mama amekaa mbele, anamwona mwanawe anajifunga na ngoma ya kunguru kama mumewe alivyokuwa akijifunga. Akaona hapana. Basi akafanya kosa ambalo fundi wa makochi peke yake angeweza kulifanya: aliamini gundi yake. Alikata vipande vya mpira, akavibandika chini ya miguu ya ngoma kwa gundi ileile inayoshika ngozi kwenye mbao kwa miaka ishirini. Akavuta, vikagoma kutoka. Akaridhika. Mkanda akauacha umening'inia msumarini karakanani.

Jumapili Shoka alifika, akawasha sigara yake nje, akasubiri. Kimya akatoka kumwita.

"Ingia tu, kaka. Leo sifungi."

Shoka akaitupa sigara ikiwa nzima, akamshika mdogo wake kisogoni, akamtikisa kidogo kama walivyokuwa wakifanya utotoni, akaingia. Kimya aliona raha ambayo hata mimi siwezi kuieleza.

Mama alikaa meza ya mbele, amevaa gauni la bluu, soda mkononi, mkono mbovu mapajani. Nyimbo za kwanza zilikwenda vizuri. Mwimbaji wao, dada mmoja anayeuza vipodozi siku za kazi, alimtambulisha mama kwa watu, wakapiga makofi, mama akaficha uso kwa aibu. Shoka alitabasamu. Kisigino chake kilikuwa kinagonga sakafu taratibu.

Nyuma ya mama kulikuwa na dalali wa magari, jitu la shingo nene, limekunywa tangu saa za watu kusali. Sitasema alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mlevi mwenye furaha, nao ndio wanaoua watu. Alipoona mama anapigiwa makofi alitaka kucheza naye.

"Mama, simama tucheze!" akabweka. Mama akatikisa kichwa. "Simama, mama yangu, wanao wanapiga!" Akamshika mkono ili amwinue, na katika mikono miwili akachagua ule wa kushoto, akauvuta unyooke.

Mama alipiga ukelele.

Kisigino kikasimama.

Kimya hakungoja. Alikandamiza ngoma ya mguu kwa nguvu zote, mapigo mazito, mfululizo, akimwita kaka yake arudi. Vidole vya Shoka vikaanguka kwenye nyuzi mara moja, mbili, kwa mazoea. Kimya akaongeza. Ndipo alipohisi chini ya mguu wake kitu kimeachia. Gundi ile ilikuwa ya ngozi na mbao. Kwenye chuma na mpira, kwa mtikisiko ule, ilichubuka kama gamba la kidonda. Ngoma ikaanza kuondoka. Akanyoosha mguu, ikasogea. Akapiga kwa ncha ya kidole gumba, akiwa amekaa ukingoni mwa stuli, na kadiri alivyozidi kupiga kwa nguvu ndivyo alivyozidi kuisukuma mbali, na alilijua hilo, na hakuweza kuacha. Pedali ikachomoka. Nyundo yake ikapiga hewa.

Kunguru alikuwa ametembea. Ule mdundo wa chini ukakatika ukumbini, na mikono ya Shoka ikawa huru.

Besi ilianguka waya ukiwa bado umechomekwa, spika zikanguruma. Ngumi ya kwanza ilimkuta dalali bado ameshika mkono wa mama, anacheka. Ilivunja pua. Ya pili ilivunja kicheko. Rafiki yake alikuja na chupa, Shoka akampokea kwa kichwa, yule bwana akaanguka na meza na vinywaji vya watu. Watu walikanyagana mlangoni. Dalali alikuwa chini sasa, anatema meno, anajaribu kutambaa kwenye bia iliyomwagika, na Shoka alimfuata kwa miguu, mbavuni, mgongoni, bila haraka, kama mtu mwenye kuni za wiki.

Halafu akageuka, akang'oa stendi ya toazi. Chuma kizima, chenye miguu mitatu. Toazi likaanguka likaviringika sakafuni likilia. Akakiinua chuma kwa mikono miwili juu ya kichwa cha yule mtu, na uso wake haukuwa na hasira hata kidogo. Haukuwa na mtu.

Kimya hakumbuki kupita juu ya dramu. Anakumbuka ngoma ndogo ikipinduka, na magoti yake yakiteleza kwenye vigae, na mkono wake wa kushoto ukitangulia mbele ya uso wa dalali. Alikuwa ameona jambo hilo likifanywa mara nyingi utotoni. Alijua jinsi ya kuingia katikati.

Chuma kilishuka. Waliokuwa mlangoni wanasema walisikia mfupa.

Kikainuliwa tena. "Kaka," Kimya alisema. Hakupiga kelele, hakuwa na pumzi. "Kaka. Ni mimi."

Chuma kilibaki juu. Macho ya Shoka yakaanza kurudi kutoka huko yalikokuwa, polepole, yakamwona mtu aliyelala kwenye damu, yakamwona mdogo wake amepiga magoti, yakauona mkono unaoning'inia kwa namna ambayo mkono haupaswi kuning'inia. Sura yake ikajaa huruma. Akainama.

"Nani amekupiga?" aliuliza.

Aliuliza kwa sauti ileile. Ya chai, ya asubuhi. Mama aliisikia, na mdomo wake ukajibu kabla ya akili. "Amejigonga," alisema. "Amejigonga tu na chuma, baba."

Kimya alimtazama mama yake, amejishika kiwiko, gauni la bluu limelowa. Maisha yake yote alikuwa ameitikia jibu hilo. Lilikuwa tayari ulimini.

"Hapana, mama," alisema. Akamgeukia Shoka. "Ni wewe. Umenipiga wewe, kaka."

Shoka aliitazama mikono yake, akaona inachoshika. Hakukitupa chuma. Alikiweka chini kwa uangalifu, kama kitu cha watu, akakaa palepale kwenye vigae. Alilia kama wanavyolia watoto, kwa mdomo wazi, na hakuna aliyethubutu kumsogelea isipokuwa mama, aliyekuja akasimama nyuma yake bila kumgusa.

Polisi wawili waliingia. Mmoja aliuliza nani amefanya haya, na ukumbi mzima ukapata cha kutazama darini. Wenye ukumbi hawataki kesi, wanamuziki hawachongeani, dalali hakuwa na mdomo wa kusemea. Ingeweza kuishia hapo.

"Ni mwanangu," mama alisema. "Huyu mkubwa. Nimemwona kwa macho yangu." Sauti ilimkatika, akairudia. "Na baba yake alikuwa hivihivi, na mimi nilikuwa nasema hakuna."

Dalali alipona. Hupumua kwa kelele na meno ni ya duka, lakini yu hai, na anauza magari. Hakimu alikuwa yuleyule, ila dalali kuwa hai kulihesabika, na Shoka alikubali kosa bila kungoja kuulizwa. Mvi ataziota nje.

Kiwiko cha Kimya kizima, ni kifundo cha mkono ndicho kilichounga vibaya. Fimbo ya kushoto anaishika chini zaidi siku hizi, na mapigo ya mkono huo yamekuwa mafupi. Wapo wanaodhani ni mtindo mpya. Kunguru yuko naye. Mpiga besi hana. Upande wa kushoto wa jukwaa anaacha nafasi ya mtu mmoja, na wenzake wameacha kumuuliza.

Mara ya mwisho alipokwenda gerezani kumtembelea walikaa, wavu katikati yao. Shoka alikuwa amekonda. Alikitazama kifundo cha mdogo wake kwa muda mrefu, akalazimisha macho yasikimbie.

"Kunguru bado anatembea?" aliuliza.

"Anatembea. Namfunga."

"Kwa ule mkanda?"

"Kwa ule mkanda."

Shoka aliitikia kwa kichwa. Askari akapiga kengele ya kuaga, watu wakaanza kusogeza viti. Shoka alisimama, akaweka kiganja kwenye wavu.

"Nikitoka," alisema, "usinisubirishe nje. Nitakufungia mimi."